Ufuatiliaji wa kielekezi katika taswira za data

Ufuatiliaji wa kielekezi katika taswira za data ni utaratibu unaotumiwa na programu ya ukurasa wa wavuti ili kujua mahali kilipo kishale cha kipanya, kidole au kalamu ya kidijitali juu ya chati, grafu au ramani, na kubadilisha mahali hapo kuwa taarifa inayosomeka. Msomaji akipitisha kishale juu ya mstari wa grafu na kisanduku kidogo kikatokea kikisema "1999: watu milioni 28.7", nyuma ya kisanduku hicho kuna hesabu kadhaa zilizofanyika ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Neno *kielekezi* hapa ni jina la jumla la kitu chochote kinachoonyesha mahali kwenye skrini, kiwe kipanya, kidole au kalamu. Taswira ya data ambayo hujibu matendo ya msomaji kwa njia hii huitwa taswira shirikishi.

Hesabu zinazohusika si ngumu: nyingi ni kutoa, kuzidisha na kugawanya. Hata hivyo zina umuhimu mkubwa, kwa sababu zikikosewa chati huendelea kupendeza machoni huku ikimpa msomaji namba isiyo ya kweli. Kivinjari hakitoi onyo lolote, kwa kuwa kwake kila namba ni sawa na nyingine.

## Historia

### Kipanya na skrini ya mguso

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford nchini Marekani. Wazo lilikuwa la Douglas Engelbart, na mhandisi Bill English ndiye aliyekitengeneza. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake: moja lilipima mwendo wa kulia na kushoto, jingine mwendo wa mbele na nyuma. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco.

Magurudumu hayo mawili yanaeleza jambo ambalo halijabadilika hadi leo: kifaa cha kuelekeza hutoa namba mbili, moja ya mlalo na nyingine ya wima. Katika hisabati jozi hiyo huitwa majira ya nukta na huandikwa (x, y).

Skrini ya mguso ilielezwa kwa maandishi mwaka 1965 na E. A. Johnson wa kituo cha utafiti wa rada cha Malvern, Uingereza, kwa ajili ya kazi ya kuongoza ndege. Ilienea kwa watu wa kawaida baada ya mwaka 2007, Apple ilipotoa simu ya iPhone, na baadaye simu janja za Android.

### Kuingia katika kurasa za wavuti

Kurasa za kwanza za wavuti zilikuwa za kusoma na kubofya viungo tu. Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitunga lugha ya JavaScript, na ndipo ukurasa ulipoweza kupokea habari za kila tendo la msomaji. Habari ya namna hiyo huitwa *tukio*. Kishale kikisogea, kivinjari hutoa tukio lenye namba za mahali kilipo, na programu ya ukurasa hulipokea na kuamua la kufanya.

Mwanzoni kila kivinjari kilikuwa na desturi yake. Netscape 4 ilitoa mahali kwa majina pageX na layerX, ilhali Internet Explorer ilitumia clientX na offsetX. Mwandishi wa programu alilazimika kuandika njia mbili kwa kazi moja. Novemba 2000 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti, lilitoa kiwango cha matukio kilichoweka clientX, clientY, screenX na screenY kuwa majina rasmi.

Mambo mawili zaidi yalifungua njia kwa chati shirikishi. La kwanza ni SVG, lugha ya kuchora kwa maumbo, iliyokuwa kiwango cha W3C mwaka 2001. La pili ni canvas, turubai ya kuchorea kwa pikseli, iliyoanzishwa na Apple mwaka 2004. Mwaka 2011 Mike Bostock, Vadim Ogievetsky na Jeffrey Heer wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa maktaba ya programu iitwayo D3, ambayo ilienea sana katika magazeti, vyuo na ofisi za takwimu.

### Matukio ya kielekezi

Simu za mguso zilileta familia mpya ya matukio kando ya yale ya kipanya: kidole kugusa, kidole kusogea, kidole kuinuliwa. W3C iliyaidhinisha mwaka 2013. Ili kurasa za zamani zisife kwenye simu, vivinjari vilianza pia kuigiza kipanya: baada ya mguso mmoja, kivinjari hutuma matukio ya kipanya kana kwamba kishale kimefika pale na kubofya. Matokeo yake, chati iliyosikiliza familia zote mbili iliweza kujibu mara mbili kwa mguso mmoja.

Microsoft ilipendekeza suluhisho la kuunganisha familia hizo, likiitwa Pointer Events, yaani matukio ya kielekezi. Lilikuwa kiwango cha W3C Februari 2015, na toleo la pili likafuata mwaka 2019. Mwaka huohuo kivinjari cha Safari, kilichokuwa nyuma ya vingine, kilianza kuyatumia. Tukio la aina hii hutaja aina ya kifaa, ikiwa ni kipanya, mguso au kalamu, na hukipa kila kidole namba yake ya utambulisho. D3 nayo ilifuata mkondo huo: toleo la 6 la mwaka 2020 liliondoa kitendakazi cha kipanya na kile cha mguso, na badala yake likaweka kimoja kiitwacho d3.pointer.

## Mahali pamoja, namba nyingi

Chanzo kikuu cha makosa ni kwamba mahali pamoja kwenye skrini panaweza kuelezwa kwa jozi kadhaa za namba, kila moja ikiwa sahihi. Tofauti yao ni nukta ya kuanzia, yaani nukta (0, 0) imewekwa wapi. Tukio moja la kipanya hubeba jozi zifuatazo:

- screenX na screenY huhesabiwa kuanzia kona ya juu kushoto ya skrini nzima. Kwa chati hazina msaada mkubwa, kwa sababu dirisha la kivinjari linaweza kuhamishwa.
- clientX na clientY huhesabiwa kuanzia kona ya juu kushoto ya sehemu ya ukurasa inayoonekana ndani ya dirisha. Ndizo zinazotumika zaidi.
- pageX na pageY huhesabiwa kuanzia mwanzo wa ukurasa wote, pamoja na sehemu iliyokwisha kupita juu. Msomaji akiwa ameteremsha ukurasa kwa pikseli 800, pageY huzidi clientY kwa 800.
- offsetX na offsetY huhesabiwa kuanzia elementi iliyo chini ya kishale. Zinaonekana kuwa rahisi, lakini zina mtego: kama chati imejengwa kwa elementi nyingi za HTML, kwa mfano nguzo kumi kila moja na kisanduku chake, nukta ya kuanzia huruka kila kishale kinapoingia katika nguzo nyingine.

Jambo jingine linalowachanganya wanafunzi ni mwelekeo wa mhimili wa wima. Katika grafu za shuleni y huongezeka kwenda juu. Kwenye skrini y huongezeka kwenda chini, kwa kuwa sifuri iko juu. Kwa hiyo kila chati yenye thamani zinazopanda lazima igeuze mhimili huu mara mbili: wakati wa kuchora na wakati wa kusoma mahali pa kielekezi.

## Kutoka pikseli hadi data

### Hatua za hesabu

Njia ya kawaida ina hatua nne:

1. Kupata mahali pa kielekezi katika dirisha, yaani clientX na clientY.
2. Kutoa mahali pa kona ya chati ili kupata majira ndani ya chati.
3. Kutoa pambizo, yaani nafasi iliyoachwa kwa ajili ya namba na majina ya mihimili.
4. Kugeuza skeli: badala ya kutoka mwaka kwenda pikseli, kama wakati wa kuchora, kutoka pikseli kurudi kwenye mwaka.

Hatua ya pili huandikwa hivi katika JavaScript:

    const fremu = chati.getBoundingClientRect();
    const x = tukio.clientX - fremu.left;
    const y = tukio.clientY - fremu.top;

Mstari wa kwanza hukiuliza kivinjari mahali chati ilipo wakati huo. Ni muhimu jibu liwe la wakati huo, kwa kuwa msomaji akisogeza ukurasa, chati nayo huhama ndani ya dirisha. Programu inayopima kona mara moja ukurasa unapofunguka, kisha ikaendelea kutumia kipimo hicho, hutoa majibu sahihi hadi pale ukurasa unaposogezwa kwa mara ya kwanza.

### Mfano: sensa za Kenya

Tuchukue grafu ya mstari ya idadi ya watu wa Kenya kwa mujibu wa sensa sita: 1969 (milioni 10.9), 1979 (milioni 15.3), 1989 (milioni 21.4), 1999 (milioni 28.7), 2009 (milioni 38.6) na 2019 (milioni 47.6). Mhimili wa miaka una urefu wa pikseli 500 kwa miaka 50, kwa hiyo kila mwaka una pikseli 10. Pambizo la kushoto ni pikseli 50, na kona ya kushoto ya chati iko pikseli 120 kutoka ukingo wa dirisha.

Kishale kikiwa na clientX ya 475:

- ndani ya chati: 475 − 120 = 355
- baada ya pambizo: 355 − 50 = 305
- mwaka: 1969 + 305 ÷ 10 = 1999.5

Sensa iliyo karibu zaidi ni ya 1999, na kisanduku huonyesha watu milioni 28.7.

Sasa tuseme mwandishi wa programu amesahau pambizo. Hesabu inakuwa 1969 + 355 ÷ 10 = 2004.5. Kutoka hapo hadi 2009 ni miaka minne na nusu, na kurudi 1999 ni mitano na nusu, kwa hiyo programu huchagua 2009 na kuonyesha watu milioni 38.6. Kosa la pikseli 50, upana wa vidole viwili au chini ya hapo, limezaa tofauti ya watu karibu milioni 10. Mstari wa grafu haujaharibika, rangi ni zilezile, na mwanafunzi anayenakili namba hiyo daftarini hana njia ya kujua.

Kwa wima, tuseme mhimili una pikseli 300 kwa watu milioni 50, yaani pikseli 6 kwa kila milioni. Nukta ya 1999 iko 28.7 × 6 = 172.2 kutoka chini, ambayo ni 300 − 172.2 = 127.8 kutoka juu. Namba ya pili ndiyo inayotumiwa na skrini.

### Chati inapopunguzwa

Chati ileile ikifunguliwa kwenye simu, mara nyingi hupunguzwa ili itoshe. Tuseme chati yenye upana wa vipimo 600 imebanwa hadi pikseli 300. Kila pikseli ya skrini sasa ni vipimo 2 vya chati, na mahali pa kidole lazima pazidishwe kwa 2 kabla ya kutoa pambizo.

Kona ya chati ikiwa pikseli 10 kutoka ukingo na kidole kikiwa kwenye 188: 188 − 10 = 178, mara 2 ni 356, kutoa 50 ni 306, ambayo ni mwaka 1999.6. Jibu ni 1999. Bila kuzidisha tungepata 178 − 50 = 128, yaani mwaka 1981.8, na programu ingeonyesha sensa ya 1979. Kosa hili ni la hatari zaidi kuliko lile la pambizo, kwa sababu halionekani kwenye kompyuta ya aliyetengeneza chati. Linawapata wenye simu peke yao.

Kwa michoro ya SVG, kivinjari hutunza kanuni nzima ya mageuzi yaliyofanywa juu ya mchoro, iwe ni kupunguza, kusogeza au kuzungusha. Kitendakazi getScreenCTM hutoa kanuni hiyo, na programu ikitumia kinyume chake hupata mahali pa kielekezi katika vipimo vya mchoro wenyewe. Hivi ndivyo d3.pointer inavyofanya kazi kwa SVG. Kwa canvas mwandishi lazima alinganishe mwenyewe idadi ya pikseli za turubai na upana wake unaoonekana, hasa kwenye skrini za kisasa ambazo hutumia pikseli mbili au tatu halisi kwa kila pikseli moja ya ukurasa.

### Mwaka uliohesabiwa na mwaka uliokadiriwa

Kugeuza skeli hutoa jibu kwa kila pikseli, hata pale ambapo hakuna data. Katika mfano wa juu, pikseli ya 350 ni mwaka 2004, lakini Kenya haikufanya sensa mwaka huo. Programu ina njia mbili: kurudi kwenye sensa iliyo karibu, au kukadiria namba iliyo kati ya sensa mbili kwa kufuata mstari. Njia ya pili ingetoa watu milioni 33.65.

Namba hiyo si uongo kama hesabu, lakini si sensa. Chati ya uaminifu huonyesha tu thamani zilizopimwa, au huandika wazi kwamba thamani imekadiriwa. Kwa sababu hiyo chati nyingi za takwimu huweka alama ya duara juu ya nukta halisi inayosomwa, ili msomaji aone kwamba kisanduku kinazungumzia nukta hiyo, si mahali kishale kilipo.

## Kutafuta nukta iliyo karibu

Kwa data chache, programu inaweza kupima umbali wa kila nukta na kuchagua ulio mdogo. Data zikiwa nyingi, njia hiyo huwa nzito.

Katika grafu ya mstari, data hupangwa kwa mfuatano wa wakati, hivyo hutumiwa utafutaji wa kugawa nusu: programu hutazama katikati, huacha nusu isiyohusika, na kurudia. Data ya kila siku kwa miaka 50 ina rekodi zaidi ya 18,000, lakini nukta inayotakiwa hupatikana kwa hatua zisizozidi 15.

Katika chati ya nukta zilizotawanyika hakuna mfuatano mmoja. Hapo hutumiwa mara nyingi mchoro wa Voronoi, uliopewa jina la mwanahisabati Georgy Voronoy (1868–1908). Uwanja wote wa chati hugawanywa katika maeneo, kila nukta ikipewa eneo la sehemu zote zilizo karibu nayo kuliko nukta nyingine yoyote. Kielekezi kikiwa ndani ya eneo fulani, nukta yenye eneo hilo ndiyo inayosomwa. Faida yake ni kwamba msomaji halazimiki kulenga kiduara chenye upana wa pikseli sita. Anapokaribia tu, chati humwelewa. Ni vizuri kuweka kikomo cha umbali, ili kielekezi kilicho kwenye sehemu tupu kisionyeshe nukta ya mbali.

Faida ya kupanua shabaha inaendana na kanuni ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya mwaka 1954: muda wa kufikia shabaha huongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali, na hupungua kadiri inavyokuwa pana.

## Tofauti kati ya kipanya na kidole

Ingawa matukio ya kielekezi hutumia majina yaleyale kwa vifaa vyote, vifaa vyenyewe havifanani.

Kwanza, kipanya kinaweza kutua juu ya kitu bila kubofya. Kidole hakiwezi, skrini haijui kidole kilipo mpaka kiguse. Chati ambayo hufichua maelezo kwa kupitishiwa kishale pekee huwa kama bubu mbele ya mwenye simu. Katika nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya, watu wengi huingia mtandaoni kwa simu, na chati ya namna hiyo huwanyima wasomaji walio wengi taarifa iliyokusudiwa kwao.

Pili, kishale huonyesha pikseli moja, lakini kidole hugusa eneo zima na kufunika kile kinachosomwa. Kwa hiyo kisanduku cha maelezo huwekwa juu ya kidole, au mahali pasipobadilika kama vile juu ya chati, na si chini ya ncha ya kidole.

Tatu, kidole kina kazi nyingine ya kusogeza ukurasa. Kivinjari kikiamua kwamba mwendo wa kidole ni wa kusogeza ukurasa, hutuma tukio la kufuta liitwalo pointercancel, na chati haipati habari zaidi. Mwandishi wa programu anaweza kugawana kazi na kivinjari kwa kutumia kanuni ya CSS iitwayo touch-action. Thamani pan-y huacha mwendo wa juu na chini kwa ukurasa, na kuipa chati mwendo wa kulia na kushoto; inafaa kwa grafu ya mstari. Thamani none huipa chati kila kitu. Ikitumika kwenye ramani inayojaza skrini yote ya simu, msomaji hunaswa: kila akitaka kuteremka, ramani ndiyo husogea.

Nne, vidole vinaweza kuwa viwili. Kukuza ramani kwa vidole viwili huhitaji programu ikumbuke kila kidole kwa namba yake, ipime umbali kati yao, na ilinganishe na umbali wa mwanzo.

Kuna pia suala la kuburuta. Msomaji akiburuta kitelezi na kishale kikatoka nje ya chati, chati huacha kupata matukio na kitelezi hukwama. Kitendakazi setPointerCapture hukiagiza kivinjari kiendelee kuipelekea elementi hiyo matukio yote ya kielekezi hadi kiachiliwe.

## Kasi

Kipanya cha kawaida huweza kutoa taarifa zaidi ya mara mia kwa sekunde. Skrini nyingi huchora picha mpya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7 hivi. Kuchora chati upya kwa kila taarifa ni kazi ya bure, na kwenye simu ya bei nafuu huifanya chati ikokote nyuma ya kidole.

Desturi nzuri ni kuhifadhi mahali pa mwisho pa kielekezi, kisha kuchora mara moja tu kabla ya picha inayofuata, kwa kutumia requestAnimationFrame. Inasaidia pia kubadilisha kile tu kinachobadilika, yaani alama na kisanduku, na kuacha mstari wa grafu ulivyo. Programu za uchoraji wa mkono, ambazo huhitaji kila hatua ya mwendo, zinaweza kudai taarifa zilizounganishwa na kivinjari kwa kitendakazi getCoalescedEvents.

## Ufikivu

Si kila msomaji anaweza kutumia kipanya au kuona skrini. Mwongozo wa W3C kuhusu ufikivu wa maudhui ya wavuti, WCAG, una masharti yanayohusu jambo hili. Toleo la 2.1 la mwaka 2018 linataka maelezo yanayotokea kwa kupitishiwa kishale yaweze kuondolewa bila kuhamisha kishale, yaweze kufikiwa na kishale bila kutoweka, na yabaki hadi msomaji amalize nayo. Toleo la 2.2 la mwaka 2023 limeweka kipimo cha chini cha shabaha kuwa pikseli 24 kwa 24, pamoja na hali kadhaa zisizohusika. Kiwango cha juu zaidi ni 44 kwa 44.

Chati nzuri humruhusu msomaji kupita kutoka nukta moja hadi nyingine kwa vitufe vya mishale vya kibodi. Huweka pia jedwali la data au muhtasari wa maneno kwa wanaotumia programu za kusoma skrini kwa sauti.

Mwaka 2016 Archie Tse, wa idara ya michoro ya gazeti la *The New York Times*, aliwashauri watengenezaji wa michoro ya habari wachukulie kwamba maelezo yaliyofichwa chini ya kishale hayataonwa na mtu. Ushauri huo haukatazi ushirikishi. Unataka jambo kuu la chati lionekane bila kuguswa, na kielekezi kiachiwe kazi ya kutoa undani. Unapatana na kanuni iliyotolewa na Ben Shneiderman mwaka 1996, kwamba msomaji aanze na picha ya jumla, achuje na kukuza, kisha apate undani anapouhitaji.

## Faragha

Ufuatiliaji unaoelezwa hapa hufanyika ndani ya kivinjari cha msomaji na huisha papo hapo. Ni tofauti na kurekodi mienendo ya kishale na kuituma kwa mwenye tovuti ili achunguze watu wanatazama wapi. Zote mbili hutumia matukio yaleyale, lakini ya pili hukusanya habari za mtu. Chati haihitaji kutuma mahali pa kielekezi popote ili ifanye kazi yake.

## Uhakiki

Njia rahisi ya kuhakiki chati ni kuchora alama ndogo mahali ambapo programu inadhani kielekezi kipo. Alama ikikaa chini ya kishale muda wote, hatua za kutoa kona na kupunguza ziko sawa. Jaribio hilo hurudiwa baada ya kuteremsha ukurasa, kubadilisha upana wa dirisha, kukuza ukurasa kwa kivinjari, na kufungua chati kwenye simu halisi ikiwa wima na ikiwa mlalo.

Baada ya hapo huchaguliwa nukta tatu, ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na namba za kisanduku hulinganishwa na jedwali la data. Nukta za pembeni ndizo hufichua zaidi makosa: pambizo likisahauliwa, nukta ya mwisho hufikiwa kabla kielekezi hakijafika mwisho wa mstari, na kosa la skeli huongezeka kadiri kielekezi kinavyokwenda mbali na mwanzo.

## Tazama pia

- Kipanya
- Skrini ya mguso
- JavaScript
- Kivinjari
- Grafu
- Takwimu
- Sensa